Mchezo Uliokatazwa Makofi

Wapendwa wa kundi, tangu nilipokabidhi ufunguo wa ukumbi mmekuwa mkiniuliza swali moja: "Mama Metteur, unatuachia nini?" Pazia nimewaachia. Viti nimewaachia, hata vile vinavyouma makalio. Kilichobaki ni haya ninayoyaandika mezani kwangu, sombe ya majani ya muhogo ikichemka jikoni. Habari za vyeo sitaandika, kwa sababu katika kazi yetu cheo alipewa yule aliyebaki baada ya wengine kukimbia. Habari za mshahara nazo naziruka, maana huenda baadhi yenu mnasoma huku mnakula.

Mimi sikuingia ukumbini kwa sababu ya michezo. Niliitwa kushona pazia. Ukumbi wetu wa wafanyakazi ulikuwa na pazia jekundu lililoliwa na panya, na mimi nilikuwa msichana aliyetoka tu kujifunza kushona kwa masista. Nikakaa sakafuni na kazi yangu mapajani huku kundi likifanya mazoezi. Mchezaji mmoja akasahau maneno yake, akabaki mdomo wazi. Nikamtamkia maneno yale kutoka pale chini, sindano imebanwa midomoni, bila hata kuinua kichwa. Papa Léonard, mwongozaji wa kundi, akasimamisha kila kitu akauliza nani amesema. Nilijua nafukuzwa.

"Ni ule wa pazia," wakamwambia.

Akanigeukia. "Weye," akasema, "kesho usilete sindano. Leta masikio."

Ndivyo nilivyokuwa souffleur, yule anayejificha kando ya jukwaa na kuwanong'onezea wenzake maneno waliyoyasahau. Ni kazi nzuri kwa mtu mwenye ulimi mrefu kama mimi, kwa kuwa unasema mchezo mzima na hakuna anayekuona. Siku za mwanzo Papa Léonard alinifanya nikae kwenye kila kiti cha ukumbi, kimoja baada ya kingine, nisikilize tu. Alikuwa mwembamba, asubuhi akifundisha shule ya msingi, mchana akitufundisha sisi kana kwamba tulikuwa darasa lake la tatu. Alisema mchezo si wa bwana mkubwa wa mstari wa mbele. Ni wa mama aliyechelewa, aliyepata kiti cha mwisho karibu na mlango, na ambaye mbele yake amekaa mwanamke mwenye kilemba kikubwa. Kama mama yule haelewi, hujafanya kitu.

Vyombo vyetu mnavijua, vingine bado mnavitumia na kunung'unika. Taa tulizitengeneza kwa makopo ya maziwa ya unga. Groupe, jenereta yetu ya umeme, ilikohoa kama mzee wa mgodini, kwa hiyo tuliiweka nyuma ya choo na kuomba Mungu upepo uvume upande mwingine. Alama za wachezaji tulizichora sakafuni kwa chaki, na kabla ya kila mchezo Papa Léonard alitupigisha deki jukwaa zima, wakubwa kwa wadogo. Kisha tulizichora alama upya. Aliyelalamika alipewa ndoo ya pili.

Tulicheza ndoa, tukacheza wivu, tukacheza mateso ya Bwana Yesu kila Pasaka. Mwaka mmoja tuliombwa mchezo wa kuwaonya watu juu ya kipindupindu, na Freddy wenu, wakati huo akiwa kijana mwenye kiuno chembamba, akacheza kipindupindu chenyewe. Alicheza vizuri mno. Akarushiwa ndala jukwaani, na kwa siku nyingi akina mama wa soko la Kikula walikataa kumuuzia nyanya. Mnapomwona leo anajivuna, mkumbusheni. Papa Léonard alipofariki, mazoezi yakabaki mikononi mwangu. Hakuna aliyenichagua, ila asubuhi ile watu walifika, wakakaa, wakanitazama mimi. Tangu hapo nikaitwa Mama Metteur, yaani mwongozaji.

Sasa nije kwenye kazi ambayo wengi wenu huniulizia, ile ya vijana wa filamu.

Nilikuwa karibu na pensheni, nikihesabu Pasaka zilizobaki, alipokuja Nadège kutoka Lubumbashi na kompyuta yake begani. Alikuwa amepiga filamu ya ukweli juu ya vijana wa hapa kwetu wenye usonji. Sisi watu wa Likasi husema "autisme" tunapoongea na daktari. Tukiongea nyuma ya mgongo wa mama wa mtoto, tunayo maneno mengine, na sitayaandika. Nadège alikuwa ameionyesha filamu yake katika ukumbi wa parokia. Walikuja wazazi wa vijana, padri, na mtu mmoja aliyekuwa akijikinga na mvua.

"Mama, hapa bantu habakuyake ku documentaire," akaniambia. "Banakuyaka fasi kwenye kuko mwimbo. Tufanye comédie musicale, mchezo wa kuimba."

"Binti yangu, minye niko karibu kwenda pension. Tafuta bale bangali na magoti."

"Angalia kwanza, mama. Njo useme hapana."

Nikaangalia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini hawakusema mwenyeji atapona baada ya kukosa usingizi kiasi gani. Katika filamu ile vijana wawili walinishika moyo. Wa kwanza alikuwa Solange, binti wa miaka kama ishirini, anayesema kila kitu kama alivyokiona bila kukitia sukari. Wa pili Héritier, kijana mrefu wa Kikula, mwenye maneno machache na asiyeweza kuvumilia kuguswa. Kila alasiri alikwenda sokoni kusimama karibu na mashine za kusaga mahindi. Mtu huyu anayeziba masikio mtoto akilia, alisimama katikati ya ngurumo ile amefumba macho, akiimba nazo. Kila mashine ina sauti yake, ya zamani inanguruma chini, mpya inalia juu, na Héritier aliruka kutoka moja hadi nyingine bila kupotea. Katika filamu Nadège anamuuliza kwa nini anapenda pale. Anakaa kimya kwa muda mrefu hadi unadhani kompyuta imekwama. Kisha anajibu: "Mashine haiulizake."

Nilifunga kompyuta nikamwambia Nadège tunaanza Jumatatu.

Wengi hudhani kugeuza filamu kuwa mchezo ni kuchukua maneno na kuyapa ngoma. Ngoja niwaambie tabu yake. Kamera inaweza kusogea hadi kwenye kidole cha mtu kinachocheza na uzi wa shati, nawe ukaelewa mengi. Yule mama wa kiti cha mwisho hakioni kidole. Kila ambacho filamu ilikisema kwa uso, sisi ilitubidi tukiseme kwa wimbo, au tukiache. Nadège alitaka kuacha kidogo, mimi nilitaka kuacha kingi, na tuligombana kama mawifi, kila siku, kisha tukala bukari, ugali wetu, pamoja. Jambo moja tulikubaliana tangu mwanzo: maneno ya nyimbo yatakuwa yale waliyoyasema vijana wenyewe. Mahubiri tuliyatupa nje, na padri, Mungu ambariki, hakukasirika.

Ili kuupata wimbo wa mashine niliipeleka chorale nzima, yaani kwaya yetu, sokoni Kikula. Fikirini waimbaji wamesimama katika vumbi la unga, nguo za kanisani mwilini, wakifungua midomo kuitafuta noti ya mashine ya kusaga. Mwenye mashine alidhani tumekuja kumfanyia ibada. Héritier alikuwa pale, kama kawaida yake. Sauti ya pili walipoimba noti yao, alitikisa kichwa, akaimba ya kwake, chini kidogo. Wakaifuata. Akatikisa kichwa tena. Walipoipata hasa, akafumba macho, nasi tukajua tumefika.

Mazoezi ya kwanza ya maneno tuliyafanya kwa namna yetu ya siku zote. Kundi lina wachezaji, wachezaji wanacheza watu. Freddy akapewa nafasi ya Héritier, na kwa desturi yetu ukitaka watu wakujue unakuza kila kitu: akarusha mikono, akageuza macho, akaenda mwendo wa upande. Chorale ikavunjika mbavu. Nami nilicheka. Vijana wenyewe walikuwa wamealikwa pamoja na wazazi wao kutazama, wamekaa mstari wa tatu. Solange akasimama.

"Ule ni nani?"

"Ni Héritier," nikamjibu.

"Hapana. Héritier eko hapa." Akamwonyesha kwa kidole. "Na minye niko hapa. Juu ya nini muntu mwingine anakuwa minye?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua saa ngapi. Ni Freddy aliyetenda. Akavua shati la mchezo, akashuka, akaliweka kwenye kiti kitupu kando ya Héritier bila kumgusa. "Kamata, ndugu," akasema. "Hii haikuwa yangu." Tangu siku ile vijana walijicheza wenyewe na sisi wengine tukawa soko, mtaa, mashine na majirani. Hakuna aliyepunguzwa. Kuwa mashine ya kusaga kwa saa nzima ni kazi ngumu kuliko kuwa mfalme, muulizeni Freddy.

Hapo ndipo mama yake Héritier aliponijia. Mama Héri anauza samaki wa kukauka sokoni, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, ambaye hadi siku ile sikuwa nimemwona akiomba kitu kwa mtu yeyote. Alinikuta nikikunja mavazi.

"Mama Metteur, unitosheleye mutoto mu mchezo, asicheze."

"Anaimba muzuri, Mama Héri. Kuko nini?"

"Papa mukubwa wake atasikia."

Kisha akaketi akanieleza. Baba wa Héritier alifariki zamani, na tangu hapo kaka mkubwa wa marehemu, Papa Ilunga, ndiye anayeibeba nyumba ile. Papa Ilunga hununua madini kwa wachimbaji wa Kambove, ana gari, ana sauti, na husali sana. Katika kanisa lake walimwambia kwamba kijana ana roho iliyomfunga ulimi, na kwamba apelekwe kwenye chambre, chumba cha maombi kilicho njia ya Kambove, akae huko afunge na kuombewa mpaka roho itoke. Mama Héri alikuwa amemwona kijana wa jirani aliyerudi kutoka huko. Alinionyesha kwa kidole, kwenye mikono yake mwenyewe, mahali kamba zilipokuwa zimemfunga yule kijana.

"Minye sina nguvu ya kumukatalia," akasema. "Yeye njo anatulishaka. Kama Héri anaharibikia mbele ya bantu, hata siku mbili hatutamaliza, atamupeleka kule."

Nilikwenda kwa Papa Ilunga mwenyewe. Nilikwenda na hasira zangu zote, nimezipanga kama vyombo kwenye kabati, na hakuna hata moja niliyoitumia. Alinipokea vizuri, akanipa kiti kizuri, akaamuru niletewe soda. Ukutani palikuwa na picha ya mdogo wake marehemu, na usoni walifanana kama mapacha.

"Mama, bantu banawaza minye ni mubaya," akasema. "Ndugu yangu aliniachia batoto. Ule mutoto haniangaliake ata mu macho. Ninamupa mukono, anakimbia. Kama ni bugonjwa, daktari angemupa dawa. Daktari anasema dawa haiko. Sasa minye nifanye nini? Nikae tu?"

"Ukuye umuangalie, papa. Akiimba. Njo uamue."

Akafikiri, akizungusha glasi. "Nitakuya. Kama anasimama mbele ya bantu mupaka mwisho, anabakia na mama yake. Kama anaanguka, anapiga makelele, anakimbia, kesho yake nitakuya na motokari."

Nilimwambia sawa, kwa sababu hakuwa akinipa nafasi nyingine. Nimewahi kuandaa michezo ambayo waziri alikuja kuitazama, na sikuwahi kuogopa vile.

Na shida yenyewe haikuwa jukwaa. Jukwaani Héritier alitulia kuliko wote: alisimama kwenye alama yake ya chaki, akaimba noti yake, akaiacha kwa wakati wake. Shida ilikuwa nyinyi. Namaanisha sisi, watu wa Likasi tukiwa kwenye viti. Siku moja katika mazoezi, chorale ilipiga makofi kumpongeza, naye akaanguka magotini, mikono masikioni, akalia mpaka tukafungua milango yote. Tukaacha makofi. Nadège akatufundisha kuinua mikono juu na kutikisa vidole bila sauti. Wiki ya kwanza tulionekana kama watu wanaokausha rangi ya kucha.

Makofi yaliweza kukatazwa. Kulikuwa na jambo kubwa zaidi, kutunza. Mnajua kwetu mwimbaji akigusa moyo watu hawabaki vitini. Wanapanda jukwaani, wanacheza kidogo mbele yake, wanambandika noti ya pesa kwenye paji la uso lenye jasho. Mwimbaji anayemaliza wimbo wake bila noti usoni anakwenda nyumbani na aibu, na ndugu zake wanaulizwa kama wamegombana naye. Hata katika mazoezi chorale yetu hutunzana kwa mzaha, kwa vipande vya karatasi. Héritier aliwatazama kila mara kwa makini sana, kutoka mbali. Lakini mtu kumsogelea usoni na kumgusa paji la uso? Hilo lingekuwa mwisho wa mchezo, na mwisho wa mengine.

Kwa hiyo tukaweka kitunga kikubwa mlangoni: anayetaka kutunza, atunze pale. Freddy akapewa kazi ya kutangaza kabla ya mchezo, mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Hakuna makofi, hakuna vigelegele, hakuna kupanda. Bibi mmoja aliuliza kwa sauti kama ni mchezo au ni kilio cha msiba. Freddy akamjibu kwamba hata kwenye kilio watu wanaruhusiwa kelele, mama, kwa hiyo hiki ni kigumu zaidi.

Siku ya mchezo ilikuwa Jumapili, baada ya misa, na ukumbi ulijaa. Wengine walikuja kwa nyimbo, wengine kwa umbea, na wote tuliwapokea. Papa Ilunga alifika amevaa suti ya kijivu, akakaa mstari wa mbele katikati, miguu mbali mbali kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mimi nilikuwa kando ya jukwaa nimeshika kamba ya pazia. Mama Héri alisimama nyuma yangu, kwa sababu alisema vitini angekufa.

Mchezo ulikwenda. Solange aliimba wimbo wake wa mtaani, ule unaotaja majirani jinsi walivyo hasa, na watu walicheka kwa mikono midomoni ili wasivunje sheria. Baada ya kila wimbo mikono ilipanda juu kote ukumbini, vidole vikitikisika, na niseme wazi kwamba sijawahi kuona kitu kizuri kama kile katika kazi yangu yote. Bibi wa kilio alikuwa akiitikisa kuliko wote.

Kisha ukaja wimbo wa mashine. Chorale ikaanza kunguruma, chini, sauti moja juu ya nyingine, mpaka ubao wa jukwaa ukatetemeka nyayoni mwangu. Héritier akatoka, akasimama kwenye chaki yake, akafumba macho, akaipanda sauti ile. Halafu akaimba maneno yake peke yake. Mashine haiulizake jina. Mashine haiulizake juu ya nini. Mimi ninakuya, yenyewe inaimba. Alikuwa na sauti nzito, iliyonyooka, bila mapambo yoyote. Nikasikia mtu analia kwenye viti vya mwisho.

Na Papa Ilunga akasimama.

Nilidhani anaondoka. La, alikuwa akipanda. Alipanda ngazi za jukwaa polepole, machozi yakimtiririka, mkono wa kulia tayari umeinuliwa na noti kati ya vidole. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Mtu yule alikuwa ameguswa, na alijua njia moja tu ya kusema hivyo, njia ambayo baba yake na babu yake waliijua. Tangazo la Freddy lilikuwa limemtoka kichwani kabisa.

Kamba ilikuwa mkononi mwangu. Nikiivuta, pazia linafunga, Héritier anaokoka na mkono ule, lakini mchezo unaishia hapo na yeye hajafika mwisho. Mama Héri alinishika mkono. Hakusema vuta, hakusema acha. Sikuvuta.

Héritier akafumbua macho. Akamwona baba yake mkubwa akija na mkono ule juu, akarudi nyuma kutoka kwenye chaki. Wimbo wake ukakatika. Chorale haikuacha kunguruma, nilikuwa nimewaambia wasiache mpaka yeye aache kabisa. Papa Ilunga akaona uso wa kijana, na hapo nadhani ndipo alipokumbuka. Akasimama katikati ya mwanga, mkono hewani, hajui aurudishe au aufanyeje.

Héritier hakumtazama usoni. Aliitazama noti. Akasogea, akaishika kwa pembe, akaivuta kutoka vidoleni mwa baba yake mkubwa, taratibu. Kisha akanyoosha mkono na kuibandika kwenye paji la uso la Papa Ilunga. Aliikandamiza kwa kidole kimoja ishike vizuri, kwenye jasho, kama alivyowaona chorale wakifanya. Akarudi kwenye alama yake. Akafumba macho, akaichukua sauti pale ilipokuwa, akaimba.

Mimi sitawaeleza kwa nini. Solange aliniambia baadaye kwamba ni rahisi: aliyepanda kwenye mwanga anatunzwa, na Papa Ilunga alikuwa amepanda. Labda ndivyo. Ninachojua ni kwamba kijana asiyemgusa mtu alikuwa amemgusa mtu, kwa hiari yake, mbele ya Likasi nzima.

Papa Ilunga alibaki pale na noti usoni. Solange, ambaye alikuwa anasubiri zamu yake, akamsogelea akamwambia bila uchungu wowote, "Papa, shuka. Haiyaisha." Akashuka. Akakaa. Hakuitoa noti. Wimbo ukafika mwisho, na ule uliofuata, na wa mwisho kabisa, Héritier akiwa amesimama na wenzake mstarini. Nikafunga pazia. Hakuna kofi hata moja lililosikika, na kupitia tundu nililolishona mwenyewe vibaya niliona mikono yote juu. Nadège, yule mpiga filamu, alikuja kunikumbatia akakiri kwamba alisahau kuwasha kamera. Nikamwambia hatimaye amekuwa mtu wa teatri.

Papa Ilunga akaja nyuma ya jukwaa. Noti ilikuwa bado pale, imelegea upande mmoja. Mama Héri akasimama wima kama mtu anayesubiri hukumu, na kwa kweli alikuwa anaisubiri.

"Mama Héri," akasema, "minye njo natunzaka bantu. Ku ndoa, ku kanisa, ku kilio, minye. Tangu nilizaliwa, nani alishanitunza minye?"

Akafunga vifungo vya suti yake.

"Kesho sitakuya na motokari."

Akageuka akatoka kwa mlango wa mbele, katikati ya watu wote, noti ikiwa bado kwenye paji la uso wake, na njia nzima hadi kwenye gari hakuishika. Mama Héri aliketi juu ya baffle, lile boksi la spika, akavua viatu, akalia kwa sauti kubwa. Héritier akaziba masikio, akamtazama mama yake kwa pembeni, na hakuondoka.